Anayekujua au Anayejulikana: Wapendekezaji katika Maombi ya Uzamivu

Matangazo ya ajira serikalini nchini Tanzania huwataka waombaji waorodheshe katika wasifu wao majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Ni jambo la kawaida mtu kuitwa kwenye usaili, akafaulu na kupangiwa kituo cha kazi, bila hata mdhamini mmoja kupigiwa simu. Mwombaji hujifunza mapema kwamba nafasi ile ni ya kupambia ukurasa, na kwa kuwa ni ya kupambia, heri liandikwe jina lenye cheo: mkurugenzi, mchungaji, diwani, profesa aliyewahi kuwa naibu waziri. Katika ajira tabia hiyo haina madhara makubwa. Lakini mtu huyo huyo anapoomba nafasi ya shahada ya uzamivu huingia nayo katika mfumo ambao barua za wapendekezaji husomwa neno kwa neno, tena na watu wanaotafuta ndani yake jambo mahususi, na hapo ndipo inapomponza.

Tofauti hiyo ina sababu. Udahili wa shahada ya kwanza huamuliwa kwa ufaulu, na wa uzamili huamuliwa hivyo hivyo kwa sehemu kubwa. Uzamivu ni habari nyingine. Idara inayompokea mwanafunzi wa uzamivu inajifunga kwake kwa miaka mitatu, minne au zaidi, mara nyingi pamoja na fedha za mradi wa msimamizi, kwa kazi ambayo mwombaji hajawahi kuifanya na ambayo hakuna mtihani wa kuipima kabla. Hati ya matokeo yenye wastani wa 4.3 kati ya 5 haimwambii profesa wa Toronto au Leeds kama mwombaji anaweza kukaa na swali moja kwa miezi minane bila jibu, kama hukubali kukosolewa, kama huandika mwenyewe au huandikiwa. Profesa huyo huenda hata hajui kama 4.3 katika chuo husika ni nadra au ni ya kawaida. Barua ya mapendekezo ndiyo sehemu pekee ya maombi ambapo mtu aliyemwona mwombaji akifanya utafiti hueleza alichokiona.

Mahitaji hutofautiana kwa nchi. Vyuo vikuu vya Marekani kwa kawaida huomba barua tatu, na ufadhili wa Fulbright, wa serikali ya nchi hiyo, huomba tatu pia. Vya Uingereza mara nyingi huomba mbili. Ujerumani, ambako waombaji wengi humtafuta profesa moja kwa moja na kupata kwanza ahadi yake ya usimamizi, barua hupungua uzito katika udahili wenyewe, ingawa DAAD, shirika la kubadilishana wanataaluma lenye makao makuu Bonn, huweka fomu yake ya mapendekezo kwa wanaoomba fedha. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya uzamivu nchini Uingereza huhitaji, mbali na mapendekezo ya waliokufundisha, tamko la kuungwa mkono na msimamizi mtarajiwa wa chuo unachokwenda. Hizo ni nyaraka mbili tofauti, na asiyezitofautisha hupeleka moja akidhani amepeleka zote.

Hebu tuchukue aya mbili nilizozitunga kwa ajili ya mjadala huu. Ya kwanza: “Ninamfahamu mwombaji huyu kwa miaka minne. Ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu na heshima, na hushirikiana vizuri na wenzake. Sina shaka kwamba akipewa nafasi hii hataiangusha taasisi yenu.” Hakuna uongo hapo, na pengine kila neno lina ukweli. Hata hivyo ni barua ambayo mwenyekiti wa serikali ya mtaa angeweza kumwandikia mkazi wake anayekwenda kufungua akaunti benki. Mjumbe wa kamati ya udahili aliyebakiwa na maombi sitini mezani hapati cha kushika.

Ya pili: “Katika tasnifu yake ya uzamili kuhusu chumvi katika visima vya Kigamboni, alikusanya sampuli kwa misimu miwili. Matokeo ya msimu wa pili yalipopingana na dhana tuliyoanza nayo, nilimshauri ayachukulie kuwa ni makosa ya maabara. Alirudi kwenye visima kumi na viwili, akapima upya, akaonyesha kwamba kasoro ilikuwa katika ramani ya miamba tuliyoitegemea. Sura yake ya nne ndiyo ninayowapa sasa wanafunzi wangu waisome kabla ya kwenda uwandani. Sura ya kwanza ilikuwa ndefu kupita kiasi, na aliipunguza baada ya kuambiwa mara moja tu.” Aya hii haina kivumishi kimoja cha sifa kuhusu tabia ya mwombaji, lakini msomaji anamaliza akijua kwamba huyu ni mtu anayeamini vipimo kuliko mamlaka, anayerudi uwandani bila kusukumwa, na anayesikia anapoambiwa. Hata ile kasoro ndogo ya sura ya kwanza inasaidia, kwa kuwa barua isiyo na dosari yoyote huwafanya wasomaji waanze kujiuliza imeandikwa na nani.

Aya ya namna hiyo haiwezi kuandikwa na makamu mkuu wa chuo aliyekupa mkono siku ya mahafali, wala na mbunge wa jimbo lako, wala na profesa mashuhuri aliyekufundisha somo moja ukiwa mmoja wa mamia katika Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Inaweza kuandikwa na mhadhiri wa kawaida ambaye hajulikani nje ya idara yake, maadamu ndiye aliyesoma rasimu zako. Kati ya anayejulikana na anayekujua, mwombaji amfuate anayekujua. Ningekwenda mbali zaidi nikasema kwamba jina kubwa lililo juu ya barua tupu hudhuru kuliko kutokuwapo, kwa sababu humwonyesha msomaji kwamba mwombaji hajui utafiti unapimwa kwa nini. Akitokea profesa mashuhuri ambaye pia alisoma rasimu zako, hiyo ni bahati, na bahati haikataliwi.

Uko ushahidi unaofaa kutazamwa hapa. Mwaka 2016 jarida la Nature Geoscience lilichapisha uchambuzi wa barua 1,224 za mapendekezo, kutoka kwa waandishi wa nchi 54, zilizoandikwa kati ya mwaka 2007 na 2012 kwa waombaji wa nafasi za utafiti za baada ya uzamivu katika sayansi za dunia. Kiwango cha sifa kilikuwa karibu sawa katika kanda zote za ulimwengu. Kilichotofautiana ni urefu, na barua za kutoka Amerika zilikuwa ndefu kwa kiasi kikubwa kuliko za kanda nyingine yoyote. Kwa usomaji wangu hiyo inatosha kuondoa dhana kwamba walimu wa kwetu ni wachoyo wa kusifu. Sifa tunazo tele. Kinachopungua ni nafasi ya kueleza sifa hizo zimetokana na nini.

Uchambuzi huo ulionyesha jambo jingine zito: wanawake walikuwa na nusu tu ya uwezekano wa wanaume wa kupata barua bora kabisa badala ya barua nzuri tu, na haikujalisha kama mwandishi ni mwanamke au mwanamume. Utafiti wa awali, uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu barua zaidi ya 300 za waombaji wa kazi katika chuo kimoja cha tiba nchini Marekani, ulikuta kwamba barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi na zilibeba maneno mengi zaidi ya kutia shaka. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufikiri sana ili kuyatambua maneno ya aina hiyo: “ingawa ana majukumu ya familia, amejitahidi kumaliza kwa wakati.” Aliyeandika alidhani anasifu. Aliyesoma ameambiwa kwamba kuna familia, kwamba kuna kujitahidi, na kwamba suala la kumaliza kwa wakati lilikuwa mashakani. Mpendekezaji mwenye nia njema angefuta sentensi nzima.

Sasa nije kwenye desturi ambayo kila aliyepita katika vyuo vyetu anaijua, japo haisemwi hadharani. Mwanafunzi anakwenda ofisini, anaomba barua, na anajibiwa: “Andika wewe, uniletee nisaini.” Mwanafunzi hutoka amefurahi, kwa kuwa anadhani amepewa ruhusa ya kujisifu bila mipaka. Ukweli ni kwamba amepokonywa kitu cha thamani. Hawezi kuandika kwamba yeye ni bora kuliko wanafunzi wengine wote ambao profesa huyo amewasimamia, kwa sababu hao wengine hawajui. Hawezi kueleza profesa alifikiri nini aliposoma rasimu ya tatu. Anachoweza ni kurudi kwenye vivumishi vilevile, uchapakazi na uaminifu, na iwapo wapendekezaji wawili au watatu wamempa kazi hiyo hiyo, barua zake zote zitakuwa na sauti moja, mpangilio mmoja na pengine kosa moja la kisarufi linalojirudia. Wanaosoma maombi kwa kazi huliona hilo haraka. Programu za akili bandia zimelizidisha tatizo, maana sasa vivumishi hupatikana kwa sekunde chache na kwa Kiingereza kisicho na doa, jambo linaloipunguzia thamani barua yoyote isiyokuwa na tukio.

Sitaki kuwalaumu wahadhiri bila kutazama mzigo wao. Idara nyingi zina maprofesa wachache wanaofundisha madarasa makubwa, kusimamia tasnifu, kukaa kwenye kamati na kuandika maandiko ya miradi. Wakati huo huo shinikizo la uzamivu limeongezeka. Nchini Kenya, viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 viliwapa wahadhiri muda wa miaka mitano kuwa na shahada hiyo. Nchini Tanzania, mradi wa HEET, yaani wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, uliopitishwa mwaka 2021 kwa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, umetenga sehemu ya fedha zake kwa ajili ya kuwasomesha wanataaluma wa vyuo vya umma. Wote hao wanaotafuta uzamivu huwarudia wazee walewale watatu au wanne wa idara, na maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba, wakati mitihani na likizo vinafukuzana. Kuandika barua nzuri huchukua saa kadhaa, na hakuna fomu ya kupandishwa cheo inayoihesabu kazi hiyo. Kwa hiyo “andika wewe” si uvivu peke yake; ni jinsi mtu aliyezidiwa anavyopunguza foleni mlangoni.

Hata hivyo mwombaji ana njia ya kujibu bila kuvunja heshima, nayo ni kumletea mwalimu kumbukumbu badala ya barua. Ujumbe wake unaweza kuwa hivi: “Shikamoo Mwalimu. Nashukuru kwa kukubali. Najua muda wako ni mdogo, kwa hiyo nimekuandalia kurasa mbili zenye mambo ya kazi tuliyoifanya pamoja, ili zikusaidie unapoandika.” Katika kurasa hizo aweke kichwa cha tasnifu na alama yake, tarehe ya semina aliyowasilisha na maswali aliyoulizwa, mahali ambapo mwalimu alimkosoa na jinsi alivyorekebisha, makala kama ipo, andiko la utafiti analoombea, na orodha ya vyuo pamoja na tarehe za mwisho. Sehemu ya maana zaidi ni ile ya ukosoaji, na ndiyo wengi huiacha kwa kuogopa kujiumbua. Mwalimu anayekumbushwa kwamba mwezi Machi alirudisha sura ya tatu ikiwa imejaa wino mwekundu, na kwamba ilirudi baada ya wiki mbili ikiwa nyingine, tayari ameshapata aya ya kuandika.

Akisisitiza bado kwamba uandike mwenyewe, hilo ni jibu tosha: hana la kusema kuhusu wewe, au hana nafasi, na kwa vyovyote vile barua haitakusaidia. Mshukuru, umtafute mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa majibu ya adabu ambayo kwetu huchukua nafasi ya kukataa. Mkubwa akisema “tutaona” mara ya pili, au “nikumbushe wiki ijayo” mara ya tatu, amekwisha kukataa, ila hakutaka kukuvunja moyo. Ni afadhali mwombaji amfungulie mlango wa kukataa tangu mwanzo kwa kumuuliza kama anaona ana mambo ya kutosha ya kuandika kuhusu utafiti wake. Swali hilo halimshushii mtu heshima, na litamwokoa mwombaji na barua baridi ya aya mbili.

Lipo jambo zito zaidi, ambalo miongozo ya maombi hulipita kimya. Mwalimu wa shahada ya kwanza humwachilia mwanafunzi siku matokeo yanapotoka, lakini msimamizi wa utafiti hubaki na nguvu juu yake kwa miaka mingi, kwa kuwa mwombaji hawezi kubadilisha historia ya nani alimsimamia, na kamati ya ng’ambo itashangaa jina hilo lisipokuwapo. Nguvu ya namna hiyo isiyo na mizania ndiyo inayozaa maombi ya “chai”, kazi za bure za kukusanya takwimu, na kwa wanawake hasa, masharti ya ngono. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na haisemi kwamba kosa hilo huisha mwanafunzi akishahitimu. Lakini anayesubiri barua mwezi Novemba hana muda wa kesi. Kinga yake ya karibu ni kutomtegemea mtu mmoja: msimamizi wa pili, mtahini wa nje aliyeisoma tasnifu yake, mkuu wa maabara, au mtafiti mwandamizi wa mradi alikofanya kazi. Mwombaji ambaye msimamizi wake mkuu hawezi kutumika anaweza pia kuieleza kamati kwa sentensi moja tulivu kwamba ameomba mapendekezo kwa msimamizi mwenza. Kamati nyingi zinaelewa zaidi ya tunavyodhani.

Kuhusu usiri, desturi yetu ya barua ya wazi, ile inayoanza kwa “kwa yeyote anayehusika”, ikagongwa muhuri wa idara na kukabidhiwa mwombaji mkononi pamoja na nakala nne, haina uzito mkubwa kwa kamati za udahili za ng’ambo. Muhuri ambao kwetu huifungua milango ya ofisi zote hauwaambii kitu. Wanachotazama ni kama barua imetoka moja kwa moja kwa aliyeiandika. Nchini Marekani, sheria ya faragha ya taarifa za elimu ya mwaka 1974 humpa mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa haki ya kuona kumbukumbu zake, zikiwamo barua hizi, isipokuwa kama aliiachia haki hiyo wakati wa kuomba. Ndiyo maana fomu humuuliza mwombaji kama anaiachia. Wengi huogopa kisanduku hicho kana kwamba wanasaini deni. Ushauri wangu ni kuiachia, kwa kuwa barua ambayo mwandishi anajua mwombaji anaweza kuidai aione husomwa kwa tahadhari, na anayeshuku kwamba mpendekezaji wake atamsema vibaya hapaswi kumchagua.

Mambo ya mtandao yanahitaji maneno machache tu. Mifumo mingi humtumia mpendekezaji kiungo kwa barua pepe, na baadhi haimtumii hadi mwombaji awe amekamilisha na kuwasilisha maombi yake, kwa hiyo anayewasilisha saa mbili kabla ya kufungwa amempa mwalimu wake saa mbili. Vyuo hupendelea anwani ya kitaasisi, na walimu wetu wengi hutumia anwani binafsi kwa sababu ya taasisi hukatika au hujaa. Hapo ni vyema mwalimu aeleze ndani ya barua, yenye nembo ya chuo, ukurasa wa idara ambako jina lake linapatikana. Kiungo kisipoonekana, kitafutwe kwenye kasha la barua taka, kisha kitumwe upya. Kufungua anwani ya barua pepe kwa jina la mwalimu na kujijibia mwenyewe ni kughushi, na udahili unaweza kufutwa hata baada ya mtu kuanza masomo.

Lililobaki ni kwa idara zetu. Wasimamizi hustaafu, huhamia vyuo vingine, na hufa, na wakiondoka huondoka na kumbukumbu zote za wanafunzi wao. Mhitimu wa mwaka 2017 anayeomba uzamivu leo anaweza kukuta hakuna hata mtu mmoja ofisini anayemkumbuka, na jalada lake lina alama tu. Tiba yake haihitaji bajeti: siku tasnifu inapokabidhiwa baada ya masahihisho, msimamizi aandike ukurasa mmoja kuhusu kilichofanyika, alama gani za ubora alizoziona, na angemweka mwanafunzi huyo wapi kati ya aliowasimamia, ukurasa huo uwekwe kwenye jalada kwa siri, na mkuu wa idara yeyote atakayekuwapo baadaye aruhusiwe kuunukuu katika barua yake, akisema wazi kwamba ananukuu.